Jiwe la Uluguru na Kauli ya Madaktari

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akitazama jedwali la elementi atakuta kwamba uzito wa atomu wa risasi ni 207.2. Tarakimu hiyo huikariri, huitumia katika hesabu za mtihani, kisha huisahau. Ni mara chache anaambiwa kwamba yapo mawe ambayo risasi yake ina uzito mwingine, na kwamba mojawapo ya mawe mashuhuri ya namna hiyo lilitoka katika Milima ya Uluguru, milima ile ile anayoiona dirishani kila asubuhi ikiwa anasoma Morogoro.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, watu walichimba ulanga katika milima hiyo. Pamoja na ulanga yalipatikana mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wake, yenye urani. Mwaka 1906 mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, alichunguza mawe hayo akakuta madini ya rangi ya manjano ambayo yalikuwa bado hayajaelezwa na mtaalamu yeyote. Akayapa jina la rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanasayansi aliyekuwa akifichua siri za elementi nururifu. Hadi leo vitabu vya elimu ya madini vinaitaja Lukwangule, katika Uluguru, kuwa ndiyo mahali pa asili pa madini hayo.

Miaka michache baadaye Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walitoa risasi iliyokuwamo katika jiwe la Morogoro wakaipima kwa uangalifu mkubwa. Walipata uzito wa karibu 206.05, si ule wa 207.2 wa risasi ya kawaida. Tofauti hiyo ilikuwa ushahidi wa kutegemewa kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali, ambazo sasa twaziita isotopu. Hesabu yenyewe yaweza kufanywa ubaoni. Atomu ya urani 238 huvunjika hatua kwa hatua. Katika safari hiyo hutoa chembe nane za alfa, kila moja ikiwa na uzito wa 4. Zidisha nane kwa nne, upate 32. Toa 32 katika 238, utabakiwa na 206. Risasi ya Uluguru ilikuwa urani iliyochakaa kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Nimeanza na jiwe hili kwa sababu moja. Mara nyingi vijana wetu husikia habari za atomu kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali, na kwamba sisi ni watazamaji tu. Sivyo. Elimu ya atomu ilipimwa, kwa sehemu, katika jiwe letu. Basi hatuna budi kuwa na kauli juu ya matumizi yake.

Ugonjwa usio na tiba

Miaka 30 tu baada ya vipimo vile, elimu iliyoanza katika maabara tulivu iliangushwa juu ya watu. Mnamo tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuliwa juu ya Hiroshima, na tarehe 9 jingine juu ya Nagasaki. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, katika Kongo, na Waafrika ambao hawakuelezwa ilikuwa inakwenda kufanya kazi gani. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima peke yake. Madaktari na wauguzi wengi wa mji huo nao walikuwa miongoni mwa waliokufa na waliojeruhiwa, na hospitali nyingi zilikuwa vifusi.

Sisi wa Morogoro tunaweza kuelewa jambo hili pasipo kwenda Japani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori moja la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, likashika moto. Zaidi ya watu 100 walifariki. Majeruhi walipelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa sababu mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huhitaji maji ya mishipani, damu, dawa za kuzuia vijidudu, chumba safi na muuguzi wa kumwangalia usiku na mchana kwa wiki nyingi. Lilikuwa lori moja. Taifa zima lilishughulika, na barabara ya Dar es Salaam ilikuwa wazi, na Muhimbili ilikuwa imesimama mahali pake.

Sasa fikiri majeruhi wa moto elfu nyingi katika dakika moja, barabara imefungwa na vifusi, umeme hakuna, maji hakuna, hospitali ya rufaa yenyewe imeteketea. Ongeza ugonjwa wa mnururisho, ambao huua chembe za damu na utumbo siku kadhaa baada ya mtu kudhani amesalimika. Daktari mwaminifu akiulizwa ana dawa gani ya hali hiyo, atajibu kwamba hana. Na hapo ndipo penye asili ya kauli ya madaktari: ugonjwa usio na tiba, wajibu wa mganga ni kuuzuia usitokee.

Jinsi madaktari walivyosema

Kauli hiyo haikuanza kama siasa. Ilianza kwa vipimo. Katika miaka ya 1950 madola makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya majaribio hewani, na vumbi lake lilienea duniani kote. Ndani yake mlikuwamo strontiamu 90. Mwanafunzi akitazama tena jedwali lake ataona kwamba strontiamu imo katika kundi moja na kalsiamu. Kwa hiyo mwili hauitambui kuwa mgeni; huijenga ndani ya mifupa na meno, nayo hupungua nusu yake baada ya miaka kama 29. Kuanzia mwaka 1958 madaktari na wanasayansi wa mji wa St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Dakta Louise Reiss, waliwaomba wazazi wawapelekee meno ya utoto ya watoto wao yaliyong'oka. Meno yalipopimwa, strontiamu ilionekana kuongezeka kadiri majaribio yalivyoongezeka. Mwaka 1963 Marekani, Muungano wa Sovieti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani. Jino la mtoto lilikuwa limetoa ushahidi ambao hakuna jemadari aliyeweza kuukanusha.

Bara letu nalo liliguswa. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 huko Reggane, katika jangwa la Algeria, na hadi mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika nchi hiyo. Upepo haukuulizwa hati ya kusafiria.

Mwaka 1980 madaktari wawili wa moyo, Bernard Lown wa Marekani na Evgeny Chazov wa Muungano wa Sovieti, walishirikiana kuunda chama cha kimataifa cha madaktari wa kuzuia vita vya kinyuklia. Nchi zao zilikuwa mahasimu, lakini wao walikubaliana juu ya jambo moja la taaluma yao: moyo wa Mmarekani na wa Mrusi huungua kwa joto lile lile. Mwaka 1985 chama chao kilipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Kutoka katika chama hicho ilizaliwa, mwaka 2007, kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku silaha za kinyuklia, ambayo nayo ilipewa nishani hiyo mwaka 2017.

Tanzania haikukaa kimya katika miaka hiyo. Mwezi Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere aliungana na viongozi wa Argentina, Ugiriki, Uhindi, Meksiko na Uswidi kuyataka madola yenye silaha hizo yasimamishe utengenezaji na majaribio yake. Nchi hizo sita zilidai haki ya kusema, kwa hoja nyepesi kueleweka: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mkataba wa Pelindaba, ulioifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za kinyuklia, ulitiwa saini mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Na mwaka 2019 Tanzania ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopiga marufuku silaha hizo.

Je, ni kazi yao?

Wapo wasemao kwamba daktari abaki wodini. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana imewahi kusikika hata katika mahakama kuu ya dunia. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani liliiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki kama matumizi ya silaha za kinyuklia yanapatana na sheria. Mwaka 1996 Mahakama ilikataa kulijibu Shirika hilo, ikisema kwamba swali la uhalali wa silaha limo nje ya shughuli zake. Swali kama hilo lililoletwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ndilo lililojibiwa. Sipingani na wanasheria juu ya mipaka ya mashirika. Lakini mpaka wa shirika si mpaka wa dhamiri. Mwanasheria aweza kusema nani anaruhusiwa kuuliza. Hawezi kuuzuia mnururisho usiingie katika mfupa.

Wengine husema: sisi tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna akina mama wanaofariki katika uzazi, ya bomu tuwaachie wenye mabomu. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaohangaika kweli. Jibu lake limo katika utafiti. Vita vya kinyuklia, hata kati ya nchi mbili tu za mbali, vingewasha miji, na moshi mweusi wa miji ungepanda juu kabisa ya mawingu mahali ambapo mvua haiwezi kuuosha. Jua lingefifia kwa miaka, joto lingeshuka, mazao yangepungua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vita kati ya Uhindi na Pakistani vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni mbili duniani, wengi wao wakiwa katika nchi ambazo hazikurusha hata jiwe. Mkulima wa Matombo anayengojea mvua ya masika hayumo katika ugomvi huo, lakini yumo katika hesabu yake.

Kwa sababu hiyo, mwezi Agosti 2023 majarida zaidi ya 100 ya tiba yalitoa kwa pamoja tahariri moja ya kuonya juu ya hatari hiyo. Miongoni mwa walioiandika walikuwamo James Tumwine wa jarida la African Health Sciences la Uganda na Paul Yonga wa East African Medical Journal. Hawa ni watu wanaoijua malaria vizuri. Hawakuona kwamba kusema juu ya bomu ni kuiacha malaria.

La tatu ni kwamba atomu hutibu. Ni kweli, na mwalimu yeyote atakayewafundisha wanafunzi kuiogopa atomu yenyewe atakuwa amewapotosha. Wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tofauti ni kipimo, kusudi na ulinzi. Kisu cha mpasuaji na cha mnyang'anyi ni chuma kimoja. Hatuoni taabu kuvitofautisha.

Kutoka bomu hadi kijito

Madaktari hawa hawakuishia kwenye bomu. Walifuata mnyororo nyuma hadi shimoni. Mwaka 2010, mkutano wao wa Basel ulitoa wito wa kupinga uchimbaji wa urani, na mwaka 2013 baadhi yao walikutana na wataalamu na wananchi wa Tanzania, Dar es Salaam, Dodoma na Bahi, kuzungumzia athari zake kwa afya. Swali hilo si la nadharia kwetu. Urani imegunduliwa Bahi, Manyoni na Namtumbo, na mwaka 2012 mpaka wa eneo la Urithi wa Dunia la Selous ulibadilishwa ili kuupisha mradi wa Mto Mkuju.

Tukumbuke lile jiwe la Uluguru. Kati ya urani na risasi, katika ule mlolongo wa kuvunjika, imo radiumu, na baada yake gesi ya radoni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, huvutwa na pumzi, na huvunjika ndani ya mapafu. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani walikwisha kuonyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wachimba madini wa Schneeberg ulikuwa saratani ya mapafu, hata kabla urani haijajulikana kuwa nururifu. Na urani ikishaondolewa katika mwamba, sehemu kubwa ya unururifu, takriban asilimia 85, hubaki katika mabaki yanayotupwa. Fedha za urani huhesabiwa kwa miaka. Mabaki yake huhesabiwa kwa vizazi. Sidai kwamba nchi maskini haina haki ya kuuza madini yake. Nadai kwamba kabla ya shimo la kwanza, maji ya visima, vumbi la hewani na afya ya wakazi vipimwe na kuandikwa. Bila kipimo cha awali, mgonjwa wa miaka 20 baadaye hatakuwa na ushahidi wowote, na kampuni itasema ndivyo alivyozaliwa.

Kanuni hiyo hiyo yahusu maji ya Uluguru. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima hii, zikapoa na kumwaga mvua. Upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Humo huanza vijito vya Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, na vya Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linaloinywesha Morogoro. Msitu ukikatwa, udongo huteremka bwawani. Pampu ya dawa ya wadudu ikisuuzwa kijitoni huko juu, hakuna anayepiga mbiu huku chini. Hatari hii haina kishindo cha bomu; lakini daktari huihesabu katika daftari lile lile, kwa kuwa nayo huingia mwilini bila ruhusa.

Hapa Uluguru ina funzo kwa madaktari na wanasayansi wote. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata ngazi katika mashamba yao ya mteremko ili kuzuia mmomonyoko. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini watu hawakushauriwa, kazi ilikuwa ngumu, na ngazi nyingi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ule ukaachwa. Bwana shamba alikuwa na sayansi upande wake, kwa sehemu. Hakuwa na watu. Mtaalamu asemaye na wenzake tu, katika lugha isiyojulikana na mkulima, atapata matokeo hayo hayo hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Tufanye nini

Kwa maoni yangu, mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, mwalimu wa fizikia afundishapo kuvunjika kwa atomu asiishie katika nusumaisha ya mtihani. Aeleze Hiroshima, aeleze Ocean Road, aeleze jiwe la Lukwangule, kwa Kiswahili kinachoeleweka nyumbani, ili mwanafunzi aweze kumweleza mama yake jioni. Pili, shule zilizo kando ya Ngerengere, Mgeta na Ruvu zianze kupima maji: tope lake, uchachu wake, viumbe wadogo waliomo. Vifaa ni vichache, na daftari lililotunzwa miaka 10 na wanafunzi wanaopokezana litakuwa na thamani kuliko ripoti moja ya mgeni. Tatu, madaktari wetu waendelee kusema, na waseme vijijini kama wasemavyo mikutanoni, wakikubali kuulizwa.

Mwaka 2025 dunia ilikuwa bado na vichwa vya kinyuklia zaidi ya 12,000, mikononi mwa nchi tisa. Tanzania haina hata kimoja, na wapo wanaoona kwamba kwa hiyo haina la kusema. Mimi naona kinyume chake. Mwenye moto mkononi aghalabu ndiye wa mwisho kusikia harufu ya moshi. Wale wa meno ya St. Louis hawakuwa na jeshi. Walikuwa na mizani na ukweli, na wazazi waliowaamini. Kijana wa Morogoro ana milima iliyolipa jiwe sayansi ya dunia. Asiache wengine peke yao waamue sayansi hiyo ifanye nini.